Tuorodheshe vitu vya Mzee Kitereza mashahidi wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikishie viongozi na wananchi wa Ukerewe jambo nililojifunza Uholanzi, nilipotembelea nyumba ya mchoraji Rembrandt mjini Amsterdam, ambayo tangu 1911 ni makumbusho.

Rembrandt aliinunua nyumba hiyo mwaka 1639, deni lake likamshinda, na mwaka 1656 akafilisika. Ikaandikwa orodha ya mali yake chumba kwa chumba: picha, kofia za chuma, silaha, makombe ya baharini, hadi vyombo vya nyumbani. Lengo lilikuwa kuwalipa wadai, na mali ikauzwa kweli. Lakini zaidi ya miaka 300 baadaye, orodha hiyohiyo ndiyo iliyowaongoza wahifadhi kuvipanga upya vyumba vile kwa vitu vya zama zake. Kilichonigusa zaidi ni chumba cha kuchorea kilichoko ghorofani, chenye madirisha makubwa yanayotazama kaskazini ili mwanga usibadilikebadilike, na meza ambayo mhudumu husagia rangi kwa jiwe na mafuta mbele ya wageni.

Hapo nikamkumbuka Mzee Aniceti Kitereza, mwandishi wetu wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa 1896. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, naye akafariki 1981. Mtu aliyetueleza kwa undani ule jinsi Wakerewe walivyolima, walivyovua na walivyooana, yeye mwenyewe alikaa wapi akiandika? Alitumia taa gani, na karatasi zake alizihifadhi ndani ya nini? Waliokuwa vijana wa miaka 20 alipofariki sasa wamevuka 60, na wao ndio wanaoweza kujibu.

Sidai jengo la makumbusho lianze kesho. Mkoa wetu unaweza kulijenga wakati ukifika, kama Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yanavyoonyesha. Ninachoomba ni maofisa utamaduni wa wilaya, kwa ridhaa ya familia na wakishirikiana na walimu wa Kiswahili, wakae na wazee hao, waandike kila kitu wanachokikumbuka na mahali kilipokuwa, na wapige picha vilivyosalia. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine itunzwe Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, na ya tatu ipelekwe Bujora.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza