Kumbe smh si samahani

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu kule kwingine tiki yangu imebaki moja, ya kijivu, tangu mwezi wa tatu. Nimeelezwa kwamba tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwangu lakini haujafika kwako. Labda simu imezimwa, labda huna bando, labda lile jambo jingine. Nimeamua kuamini kwamba ni bando.

Unaujua usiku ninaousema. Saa tisa kasoro, baba ameshafunikwa shuka, mimi nimekaa kwenye lile benchi la koridoni na simu ina chaji asilimia sita. Nikaandika kwenye grupu la familia. Niliandika kwamba alikuulizia mara mbili. Niliandika kwamba mwenye kutaka kuja huja. Niliandika na mengine ambayo hayakufaa kusomwa na mashemeji. Kisha nikakaa naitazama simu. Pale juu pakatokea kwamba unaandika, pakafutika, pakatokea tena, pakafutika. Mwisho zikaja herufi tatu: smh.

Nikasoma samahani.

Ningesoma nini kingine? S, m, h. Ni kweli n ya mwisho haikuwepo, lakini nani anahesabu konsonanti saa tisa ya usiku? Nililia, mdogo wangu. Nikakujibu palepale, grupu zima likiona: "Nimekusamehe. Yameisha." Shangazi akaweka ile mikono iliyokutana, mjomba akafuatia. Haikupita dakika, ukalefti. Nikadhani umeona haya.

Miezi minane nimeishi nikijua uliniomba radhi nami nikapokea. Nimewasimulia watu: ana kiburi yule, lakini ana moyo, usiku uleule aliomba samahani. Mpaka juzi binti yangu akaniandikia smh kwa jambo la kipuuzi tu, nami nikamwambia asijali, hakuna haja ya kuomba radhi. Akanitazama vile wanavyotutazama. Akasema hicho ni kifupi cha Kiingereza, cha mtu anayetikisa kichwa kwa kuchoshwa na anayoyasoma. Halafu akaangalia pembeni: "Mama, usiniambie na siku ile ulidhani ni samahani."

Kumbe alijua. Kumbe vijana wote kwenye grupu walijua, na wewe ulijua nimeelewa vibaya, ukaniacha nikikusamehe kosa ambalo hukuwa umelikiri. Ungenipigia simu. Hapo ndipo ninaposhindwa. Hizo herufi ningeweza kuzimeza.

Tangu hapo nimekaa darasani. Binti yangu ananifundisha jioni, na uvumilivu wake ni mdogo kama wako. Najua sasa kwamba DM ni ujumbe wa faragha, FYI ni kukupa taarifa tu, IMO ni maoni ya msemaji mwenyewe na BRB ni narudi sasa hivi. Najua TL;DR ni ndefu mno, sikusoma. Unakumbuka uliponijibu hivyo? Nilikuwa nimekuandikia habari za dawa za baba, ipi asubuhi na ipi usiku, na majibu ya daktari yote. Nilidhani ni jina la kipimo. Nilimuuliza hata nesi. Binti anakutetea, anasema watu huitumia pia kutangulizia muhtasari. Sawa. Wewe hukuweka muhtasari.

Na ile picha ya baba uliyoiposti mwezi uliopita, yenye alama ya reli na tbt, nayo nimeielewa: Alhamisi ya kukumbuka ya zamani. Nimeipenda. Ile fulana yake yenye mistari! Ila kiwiko kile kinachoonekana pembeni ni changu, na sijui kwa nini ilibidi unikate.

Usinione mshamba lakini. Aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, mara nyingine alikuwa akimalizia jumbe zake kwa LOL akidhani ni salamu za upendo mwingi, mpaka rafiki yake Rebekah Brooks alipomfahamisha kwamba ni kucheka kwa sauti. Mwenyewe Brooks alilieleza hilo mwaka 2012, mbele ya uchunguzi wa hadhara. Waziri mkuu mzima, na lugha ni ya mama yake. Mimi nilikosea kwa lugha ya watu, usiku wa msiba. Nani hasa wa kutikisiwa kichwa?

Wala usiniambie vifupisho ni mambo ya rika lenu. OMG, yaani Mungu wangu, ilishaandikwa mwaka 1917, kwenye barua ambayo Lord Fisher, admirali mstaafu wa jeshi la majini, alimpelekea Winston Churchill. Alikuwa na miaka 76 na hakuwa na simu ya kuchezea.

Na wewe nani aliyekufundisha kukata maneno, kama si mimi? Ulikuwa ukinyemelea simu yangu ya vitufe. Ujumbe mmoja ulibeba herufi 160, ukizidisha moja unakatwa wa pili, ndiyo maana sijui ikawa cjui, tutaonana ikawa 2taonana. Sisi tulikuwa na sababu. (Xaxa ndiyo sijawahi kuielewa: ina herufi nne sawasawa na sasa. Ile ilikuwa mbwembwe tu, nakubali.) Siku ya kwanza ulipoazima simu ukaniandikia, uliandika "dd nko salama cjambo". Niliutunza ujumbe ule mpaka simu ilipokufa. Ulikata karibu kila neno na bado nilikuelewa, kwa sababu hakuna neno ulilokata ambalo hatukuwa nalo sote wawili.

Hizi za sasa unazikata kwa kisu nisichokijua, halafu unanicheka nisipoona ulichokata.

Narudi kwenye usiku ule, nisamehe, sijui kuuzunguka. Niliyoyaandika yalikuwa kweli. Alikuulizia. Lakini mara ya pili hakuuliza kwa uchungu, na hilo sikuliandika. Aliuliza kama umekula. Nilikuwa na asilimia sita na hasira nyingi, nikachagua la kuandika. Binti anasema ningeweza kuufuta ule ujumbe kwa wote, lakini muda umeshapita, na isitoshe shangazi aliupiga picha. Shangazi hupiga picha kila kitu.

Nilimuuliza binti yangu swali moja ambalo halikumpendeza. Je, hicho kichwa hutikiswa kwa dharau tu? Akasema mara nyingi. Nikamuuliza, na mtu aliyefiwa? Akanyamaza, akachukua simu yake akaenda.

Maana baba alikuwa akiletewa habari ya msiba hasemi neno. Anatikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia, macho yako chini, mpaka mleta habari anakaa mwenyewe bila kukaribishwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwiga, tukicheka jikoni tumefunga mlango. Hakuna aliyemwiga vizuri kama wewe.

Basi nataka kujua kile ulichokitikisa kilikuwa kichwa gani. Jibu hapa, jibu kule, mpe hata shangazi aniletee. Na ukitaka jibu kwa herufi tatu; safari hii nitauliza maana kabla sijajibu.

Dada yako.