Mwanangu, umepewa nesi

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila punda wa ami yako anachechemea tangu Ijumaa na nyumba nzima imegeuka kuwa waganga.

Mama yako kanieleza ulivyolia kwenye simu. Kwamba umeambiwa huna sura ya mhusika mkuu, ukapewa nesi mwenye maneno sita. Sikukupigia kwa sababu ningemtukana mtu nisiyemjua. Nikiandika, angalau napata nafasi ya kumeza mate.

Wamkumbuka Mama Kayai wa Vitimbi, kile kichekesho cha runinga? Jina lake ni Mary Khavere, lakini hapa mtaani nani alijua? Bibi yako aliamini kabisa kuwa ni mke wa Mzee Ojwang. Julai 2015 ilipotangazwa kwamba Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang, amefariki, la kwanza aliuliza: "Na Mama Kayai atakaa eda kwa nani?" Tukamweleza kila mmoja ana nyumba yake, ule ulikuwa mchezo tu. Akatutazama kama sisi ndio tuliorukwa na akili.

Sasa nikwambie la pili. Juzi nilikuwa nikirekebisha mlango wa nyumba moja ya wageni kule Shela. Mgeni alikuwa akitazama tamthilia ya Kimarekani, nami patasi ikanisimama mkononi. Mama mmoja mnene, mpole, anamkaribisha mwanamume kinywaji (pombe ya magendo, astaghfirullah), kumbe sumu ameshaitia kwenye gilasi! Na mtu yule akifa, anamshika mkono na kumbembeleza kama mtoto. Sikulala.

Mwana wa ami yako akanitafutia habari za mwigizaji yule kwenye simu. Anaitwa Margo Martindale, mzaliwa wa Texas, 1951. Mwaka 1987 aliigiza mwenye saluni katika Steel Magnolias, mchezo wa jukwaani huko New York, yeye wa kwanza kabisa kuishika nafasi ile. Mchezo ukafanywa filamu, ikatoka 1989. Nani akapewa mwenye saluni? Dolly Parton, mwimbaji, jina kubwa. Hapo nikakufikiria wewe. Margo akaendelea na mama wa huyu, jirani wa yule. Huyo mama wa sumu, Mags Bennett wa Justified, ndiye aliyempatia tuzo ya Emmy mwaka 2011, naye ana miaka 60. Akaongeza mbili, 2015 na 2016, kwa kuigiza bibi jasusi wa Kisovieti katika The Americans. Hata kwenye katuni ya BoJack Horseman aliwekwa yeye mwenyewe, na kila walipomtaja walitanguliza kazi yake, kwamba ni mwigizaji wa wahusika, yaani wa zile nafasi za pembeni. Nilicheka peke yangu hadi mama yako akaja kuchungulia.

Sikwambii usubiri hadi miaka 60. Mimi mwenyewe nisingesubiri. Wala usiniambie maneno sita ni machache, maana yule mama alinikamata kabla sijasikia anasema nini. Nilishikwa na mikono yake.

Basi huyo nesi wako, ni nesi gani? Ametoka zamu ya usiku? Kiatu kinambana? Mkumbuke bibi yako alipouza mahamri pale karibu na Mkunguni: alihesabu sarafu kwa kidole gumba bila kuziangalia, huku akikuuliza habari za mamako, na ukikosea shilingi moja sauti haibadiliki, kidole ndicho kinachosimama. Na alipokuwa na habari ya msiba, kwanza alikunja buibui, taratibu, pembe kwa pembe, ndipo akasema. Sisi tulikuwa tunajua tangu pembe ya kwanza. Mpe nesi wako kitu kama hicho. Mwongozaji asipokiona, shauri yake.

Kodi ya mwezi huu nitakusaidia nusu. Ule mlango wa Shela wamelipa arubuni tu, wanasema mashine yao ya kadi imeharibika, kama kwamba mimi nina pa kuichomeka kadi.

Nimempa kondakta wa basi la Mokowe kifurushi: halua, ukwaju, na leso moja ya bibi yako. Leso uirudishe, mama yako anaihesabu.

Baba yako