Kwa wavulana wa zege: barua ya muuza chipsi

Wajukuu zangu wa Magomeni,

Shikamoo zenu huwa nazipokea usiku karai likiwa linachemka, kwa hiyo leo marahaba kwa utulivu. Mke wangu kasema barua hii itanifilisi. Huenda. Miaka 19 nakaanga chipsi kwenye kona hii, na nyinyi wa kidato cha kwanza hadi cha nne ndio mnaonilipia kodi ya fremu. Lakini macho hayana pazia. Naona mashati ya shule yanavyowabana tumboni, na mnavyohema kwa ngazi tatu tu za baraza langu.

Zege, yaani chipsi mayai, nalijua vizuri kuliko nyinyi. Viazi vinaingia kwenye mafuta, vinatoka vimeyanywa; halafu navihamishia kwenye kikaango, naongeza mafuta mengine ndipo mayai yashike. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Kwa kijana aliyekimbiza mpira jioni nzima, sahani ile haina neno. Mteja anayenitia mashaka ni yule wa saa nne usiku, anayeletwa na bodaboda kutoka nyumba ya tano. Geti lao naliona nikiwa nimesimama kwenye jiko! Na anarudi na bodaboda ileile.

Soda nayo. Someni nyuma ya chupa: nyingi zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Ya plastiki ya nusu lita ni gramu 50, vijiko vya chai 12 hivi. Juzi nilimpimia mmoja wenu sukari hiyo kwenye bilauri, kijiko kwa kijiko. Alicheka mpaka cha saba, akanyamaza. Soda yake aliinywa hata hivyo, maana kiu ya miaka 15 haisikilizi hesabu.

Ila msikimbilie kulaumu sahani. Asubuhi hunywi chai kwa sababu umechelewa kuamka. Umechelewa kwa sababu mpaka saa saba usiku ulikuwa unamalizia bando. Usingizi ukipungua, homoni inayoita njaa hupanda na ile inayosema umeshiba hushuka. Daktari alinieleza hivyo kliniki, ninakohudhuria kwa kisukari tangu nikiwa na miaka 51. Umri wenu unataka kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Ukitoka shule ni daladala, ukifika nyumbani ni gemu. Dada yako kachota maji, kadeki, kaenda sokoni. Wewe, kwa kuwa ni wa kiume, umepewa hela ukale nje, na mchicha na dagaa vya nyumbani vimelala kwenye hotipoti. Hapo nawalaumu wazazi kuliko nyinyi. Na mtoto akishakuwa na kitambi, shangazi anasema kanawiri.

Haki isemwe pia: tulikochezea chandimu sisi, nyinyi mmekuta maduka. Fremu yangu ni mojawapo.

Shirika la Afya Duniani linasema mwenye miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili walau dakika 60 kwa siku, mpaka moyo uende mbio. Si lazima uwanja. Kutembea upesi kwenda na kurudi tuisheni kunahesabika, na ndoo za maji za dada yako pia.

Na wewe unayeitwa Bonge hapa barazani, usiache kula. Bado unarefuka, na mwili unaojengwa haunyimwi chakula. Nenda kituo cha afya wakupime urefu na uzito, wakulinganishe na umri wako, maana vipimo vya uzito vya watu wazima havikuhusu. Presha wakupime pia. Hao wanaokuita hivyo nimeshawaambia: atakayelirudia jina hilo kwenye foleni yangu anahudumiwa wa mwisho.

Kuanzia Jumatatu nafunga saa tatu usiku. Anayekuja kwa miguu namwongezea kachumbari. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo ya bomba pembeni ya kabati, bure, kikombe mje nacho.

Mzee wenu wa kona