Kesho ni siku ya namba 42

Habari za jioni wapendwa. Kesho ni Aprili 15, na katika ligi kuu ya besiboli Marekani kila mchezaji, timu zote, atavaa jezi namba 42. Kwa hiyo msimtambue mtu kwa namba, angalieni nafasi aliyosimama.

Tarehe hiyo mwaka 1947 Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevaa namba hiyo 42, aliichezea timu ya Brooklyn Dodgers kwa mara ya kwanza, baada ya miongo mingi ya wachezaji weusi kufungiwa mlango. Hakupata pigo safi hata moja, lakini ndiye aliyekimbia mzunguko ulioiweka timu yake mbele. Wakashinda 5-3. Mimi hilo hunigusa kila mwaka.

Tulio huku New York, tukutane kwangu saa kumi na mbili jioni. Chai na mandazi vipo. Walioko Dar na Nairobi, mechi za huku huanza kwenu karibu saa nane usiku.