Imani yetu isitafutiwe ushahidi maabara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa vijana wengi Wakatoliki walioko shuleni, na hasa wa huku kwetu jirani na Olduvai: namna tunavyopatanisha, au tunavyodhani tumepatanisha, imani yetu na fikra za kisasa. Kijana hufundishwa darasani habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na za nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6, kisha akienda kwenye mafundisho ya Kipaimara huweza kukutana na mtu anayemtaka achague kati ya hayo na Kitabu cha Mwanzo. Anayedai hivyo anadai zaidi ya Kanisa lenyewe. Papa Pius XII, katika waraka wake wa Humani Generis wa mwaka 1950, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia, ilimradi waamini washike kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuzi ya viumbe imekuwa zaidi ya dhana tu.

Kosa hilo ni rahisi kulisahihisha. Linalonisumbua zaidi ni kosa la upande wa pili, ambalo kwa kawaida hupigiwa makofi, yaani la mhubiri anayetangaza kwa furaha kwamba sayansi imeithibitisha Biblia, na kwamba ule Mlipuko Mkuu, ambao wanafizikia wanasema ndio mwanzo wa ulimwengu, si kingine bali ni “Iwe nuru” ya sura ya kwanza ya Mwanzo. Tusimcheke, kwa maana Pius XII huyo huyo, akiihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi tarehe 22 Novemba 1951, alisema maneno yaliyokaribia sana hayo.

Aliyekosa raha kwa hotuba ile hakuwa mpagani. Alikuwa Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyepata daraja mwaka 1923, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain, ambaye mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutokana na kile alichokiita atomu ya awali. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kufurahi Papa akiisifu nadharia hiyo, ni yeye. Lakini Lemaître alishikilia kwamba nadharia yake haigusi swali la dini hata kidogo, kwamba asiyeamini anaweza kuikubali bila kuacha msimamo wake, na kwamba mwanzo unaochunguzwa na fizikia si sawa na uumbaji unaofundishwa na imani. Wanaastronomia wa mataifa mbalimbali walipokutana Roma mwezi Septemba 1952, Papa aliwahutubia bila kulirudia dai lile.

Padre huyu alikuwa na sababu nzuri. Nadharia ya sayansi huishi kwa kupimwa, nayo ikipata kipimo kikali zaidi huweza kurekebishwa au kutupwa. Sasa Mkatoliki aliyeifanya kuwa nguzo ya imani yake atafanya nini siku hiyo? Ama ataipinga sayansi ili aiokoe imani, ama ataiacha imani pamoja na nadharia iliyokufa. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona hilo katika karne ya 13, alipofundisha kwamba ulimwengu kuwa na mwanzo ni jambo tunalolishika kwa imani wala haliwezi kuthibitishwa kwa hoja za akili, na akaonya kwamba hoja dhaifu huwapa wasioamini sababu ya kutucheka.

Nadhani pupa hii ya kutafuta ushahidi inatokana na aibu tuliyorithi. Mwaka 1864 Pius IX aliorodhesha miongoni mwa makosa ya zama zake wazo kwamba Papa anaweza na anapaswa kupatana na maendeleo na ustaarabu wa kisasa, na kuanzia mwaka 1910 hadi 1967 mapadre walitakiwa kuapa kiapo dhidi ya umodernisti, yaani mkondo wa kuyageuza mafundisho ya imani yafuate fikra za kisasa. Wasomi waaminifu waliumizwa na hofu ya miaka ile, akiwamo Padre Lagrange, aliyeanzisha shule ya Biblia Yerusalemu mwaka 1890 na baadaye akazuiwa kuandika kwa uhuru kuhusu Mwanzo. Ni kweli kwamba yapo mawazo ya wakati ule yaliyostahili kukataliwa, lakini hayo hayatoi udhuru kwa namna watu walivyotendewa. Hata hivyo, aliyewahi kuiogopa sayansi hatakiwi sasa kuikumbatia kwa kelele.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Gaudium et Spes, inayohusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, ibara ya 36, ulikiri kwamba vitu vilivyoumbwa vina sheria zake ambazo binadamu huzigundua hatua kwa hatua, ukawasikitikia hata baadhi ya Wakristo walioshindwa kuutambua uhuru huo halali wa sayansi. Ningependa ibara hiyo, ambayo ni fupi, isomwe katika semina za makatekista wetu, na mwalimu wa biolojia wa parokia aalikwe siku hiyo aulizwe maswali.

Mwalimu wa sekondari,
Karatu