Tuchore viumbe hai, tusinakili picha za simu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Dunda, Bagamoyo. Kwa miaka sita sasa, jioni nikishafunga kazi, nachora paka wa watu kwa rangi za maji. Mbuzi pia, na punda mmoja.

Paka wa kwanza alikuwa Shaba, wa bibi jirani yangu. Nilimchora kwa kutazama picha ya simu, siku tatu nzima, nikihangaika na kila unyoya. Bibi aliipokea akashukuru, lakini mjukuu wake akasema, "Huyu kajazwa pamba." Alisema kweli. Manyoya yalikuwepo, mwili haukuwepo.

Ndipo nikaanza kuchora watu, nijifunze mwili unavyobeba uzito. Kila Jumamosi asubuhi nakaa soko la samaki na daftari na penseli laini. Naomba ruhusa kwanza: "Kaka, nikuchore?" Kila mtu dakika moja, kisha mwingine. Uso na vidole naviacha. Natafuta uzito umeangukia mguu gani. Mchukuzi akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande ule hupanda, na bega la upande uleule hushuka. Miaka ishirini nimepima mabega na nyonga kwa futi kamba nisilione hilo, kwa kuwa mteja anayepimwa husimama kama mlingoti.

Nikarudi kwa paka. Kumbe mtulinga wa paka, ule mfupa wa mbele ya bega, ni kifupa kidogo tu, haukuunga bega na kidari; ndiyo maana akitembea, mabega hupanda na kushuka kwa zamu juu ya mgongo. Na lile tunalodhani ni goti la nyuma lililogeuka kinyume ni kisigino, maana paka hutembea kwa vidole. Nikamchora Shaba upya, yeye mwenyewe akiwa barazani, kwa mistari michache. Rangi ikaja mwisho: maji mepesi ya njano ya udongo kwenye karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kifua nikakiacha bila rangi ili weupe wa karatasi uwe weupe wake. Rangi ya maji ukishaizidisha, kuipunguza ni taabu. Ilikuwa masika, haikauki upesi hapa pwani. Safu ya pili niliingojea hadi kesho yake.

Wengi wakisikia picha ya mnyama huniambia nichore mtindo wa Tingatinga. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, namheshimu sana, ila chui wake hakuwa na mwenyewe wa kumtambua. Mwenye paka humjua paka wake kwa anavyokaa tu, hata kabla ya kuona sura.

Linaloniuma ni shule. Mwanangu wa darasa la tano huleta daftari lenye samaki aliyenakiliwa ubaoni, samaki yuleyule kwa darasa zima, na pwani iko mwendo wa dakika kumi! Walimu wetu, nawaomba, wapelekeni. Au mtoto mmoja asimame mbele na ndoo kichwani dakika mbili, wenzake wachore.

Nawe Mhariri, tutengee kona ndogo, hata mara moja kwa mwezi, ya michoro ya wasomaji iliyochorwa mbele ya kiumbe mwenyewe. Wa kwanza nitauleta mimi: Shaba amelala mapajani mwa bibi. Bibi ameshakubali.

Fundi cherehani,
Dunda, Bagamoyo