Shoga, huyo wa ukutani si sili

San Diego, 12 Aprili

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum, na salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, baridi imeanza kulegea, watoto wamesahau nusu ya Kiswahili ila matusi wanayakumbuka yote. Najua nina deni la barua tangu Maulidi, na najua umeshamwambia Zuhura kwamba Marekani imenimeza. Haijanimeza, ni hizi zamu za usiku tu. Utanigombeza baadaye. Kwanza nisikilize, maana nina jambo la haraka.

Ile picha ya ukutani. Ile uliyonitumia Ijumaa, ukuta wa darasa la nne uliochorwa mnyama wa baharini, Fundi Athumani kasimama pembeni na brashi yake kama mtu aliyemaliza kupaka Ikulu. Nilifurahi, nikamwonyesha kila mtu kazini. Halafu nikaivuta karibu nikasoma maandishi ya chini: SILI. Mate yakanikauka. Neno hilo nimelitoa mimi. Mimi ndiye niliyekutumia ile picha mwaka juzi nikakuandikia "huyu anaitwa sili, waonyeshe wanafunzi wako." Mwanaidi, huyo si sili. Ni simba bahari.

Nimelijua hilo tangu mwezi wa pili, na hapo ndipo penye aibu. Nilimpeleka yule bibi ninayemtunza kupunga upepo La Jolla, kwenye ghuba ndogo ambako hao wanyama hulala juu ya miamba. Nikasukuma kiti chake mpaka kwenye kingo, nikasema, "Tazama sili wanavyobweka." Bibi akacheka mpaka akashika meno yake ya bandia. "Sili habweki," akaniambia. "Nisukume upande ule nikakuonyeshe sili."

Basi nikasukuma. Mwendo wa kama dakika kumi tu, ufuo uleule. Kuna ukuta uliojengwa baharini mwaka 1931, mama mmoja tajiri, Ellen Browning Scripps, aliugharimia ili watoto waoge bila kupigwa na mawimbi. Miaka ya tisini sili wakahamia humo, na mpaka leo ndio wenyeji. Sasa kuanzia katikati ya Desemba mpaka katikati ya Mei binadamu haruhusiwi kushuka mchangani, kwa kuwa wanazaa. Fikiria tujengewe ukuta kwetu, pale ufukweni Raskazone, halafu watoto wafukuzwe wapishwe wanyama! Watu wameburuzana mahakamani miaka na miaka. Ila hayo marefu, tuyaache.

Nilichokiona: kimya. Kule tulikotoka kelele kama mbwa wa mtaa mzima wamefungiwa stoo, huku hakuna sauti ila mmoja mmoja anakoroma. Kule wanalaliana, huyu kichwa juu ya tumbo la yule, abiria wa daladala ya jioni. Huku kila mtu na nafasi yake, wakigusana kidogo tu wanakoromeana na kupigana kofi, kama mtu na mkwewe waliolazimishwa mkeka mmoja. Na wanalala wameinua kichwa na mkia, katikati wamegusa chini, umbo la mtumbwi kabisa.

Bibi akaniambia nitazame masikio. Nikavuta kamera mpaka mwisho. Sili hana sikio la nje, ana tundu tu, kama mtu kachoma kwa kijiti. Nikarudi kwenye simu kutazama picha zangu za zamani, pamoja na hiyo niliyokutumia wewe. Sikio hilo hapo! Dogo, limejisokota na kuelekea chini, kama tamvua la kikoi. Nimeishi huku miaka saba, nimempiga picha mnyama huyu mara mia, na sikio lake sijawahi kuliona.

Na kutembea. Huyu wa kwako ukutani, simba bahari, ana mapezi ya mbele marefu yasiyo na manyoya, anayasimamisha kama mikono, na ya nyuma anayakunja yakaja chini ya mwili. Kwa hiyo anatembea, shoga, tena akikukasirikia anakukimbiza. Sili hawezi. Mapezi yake ya mbele ni mafupi yenye kucha, na ya nyuma yameelekea nyuma moja kwa moja, hayakunjiki. Akitaka kusogea nchi kavu anajivuta kwa tumbo, mwili mzima unatikisika kama jelly ya Idi. Nilimtazama mmoja akitoka majini, hatua tatu za mtoto mdogo zikamchukua muda wa mimi kumaliza chai. Lakini akirudi majini humwoni tena. Anapiga yale ya nyuma kushoto kulia kama mkia wa samaki, mwenzake anapiga ya mbele kama anapaa.

Sasa usimlaumu Athumani, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Nimeikagua picha yake kwa kuikuza. Kayachora masikio! Yote mawili, pale pale yanapostahili. Na mnyama kasimamia mapezi ya mbele, kifua juu, kama ilivyo kwenye picha. Fundi hana kosa. Picha isiguswe hata kidogo, yafutwe maandishi tu. Herufi nne zitoke, iingie SIMBA BAHARI. Nafasi ipo, nimeipima kwa kidole kwenye simu. Na kama rangi ya bluu imebaki, achore na sili kweli pembeni, yule mviringo mwenye madoa, ili watoto wawaone wote wawili. Nitalipa mimi, rangi na fundi. Ni kosa langu.

Uliniambia watoto wamesema ni nguva. Waambie hapana, ila wasichekwe. Nguva wa kwetu anakula majani ya baharini, na ndugu zake wa nchi kavu ni tembo. Hawa wanakula samaki, wako kundi moja na mbwa na dubu. Kutoka majini akaota jua, nguva hawezi.

Na ile video ya Salim kutoka Cape Town, anayosema "sili wa bandarini"? Nimeitazama tena. Masikio! Watu wa huko wanawaita sili, sili wa manyoya, lakini kiukoo wako upande wa simba bahari. Hapo nilikata tamaa na majina, sasa natazama sikio tu. Usimwambie Salim lakini, atageuza mjadala wa siku tatu kwenye kundi letu.

Kitu kimoja kimenikaa moyoni. Mtoto wa sili ananyonya wiki nne hivi, basi, mama anamwachia dunia. Wa simba bahari anaweza kunyonya karibu mwaka. Bibi aliponiambia hivyo nikamkumbuka Rukia wangu, nilivyomwacha kwa mama ana miezi… Haya, tutaongea kwa simu.

Harufu ya kule kwa simba bahari lakini, astaghfirullah. Dagaa wa juzi juani ni marashi. Wenye biashara walishaishtaki manispaa, wakashindwa.

Sasa nijibu. Mkaguzi anakuja lini, kabla au baada ya siku ya wazazi? Athumani amelipwa yote au bado mnamzungusha? Yale maandishi mmeyapaka vanishi juu, au yanafutika kwa tapentaini? Mwalimu mkuu anajua, au tulimalize kimyakimya mimi na wewe? Mguu wa mama unaendeleaje, bado anakataa fimbo? Na Kombo kweli kaoa, au ni maneno ya Zuhura? Nimtumie Athumani pesa kwa namba yake ileile ya zamani?

Nijibu kabla hawajaja, nakuomba.

Shoga yako,
Tatu